Bima inatuchagulia magari

Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mpishi wa harusi hapa Malindi, nakaa Shela. Kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa: biriani, pilau, samaki wa kupaka, mahamri ya asubuhi ya maulidi. Alhamisi iliyopita nilitoka ofisini kwa wakala wa bima na karatasi ya bei mkononi, nikaingia garini, nikakaa kama dakika 20 bila kuliwasha. Nilikuwa napiga hesabu, na kila nilipozipiga zilinirudisha palepale. Gari nitakaloendesha miaka ijayo silichagui mimi, wala halichagui mume wangu, wala kazi yangu haina neno. Bima ndiyo inayolichagua.

Gari nililo nalo ni Toyota Probox ya mwaka 2010. Nililinunua 2017 katika yadi moja Mombasa kwa shilingi 620,000, nusu akiba yangu, nusu zamu yangu ya chama. Anayeijua Probox hahitaji kuelezwa. Ukilaza viti vya nyuma zinaingia sufuria mbili kubwa za kupikia mchele kilo 25 kila moja, mafiga ya chuma, miko, ndoo za viungo, na msaidizi wangu akakaa mbele na beseni la vitunguu vya kukaanga mapajani asije akavimwaga. Nimelipeleka Mambrui, Gongoni, Marereni, Watamu, Gede, Kilifi. Nimelipeleka hata Mokowe, zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, nikaliacha gatini, sufuria zikapanda boti kwenda Amu, kisiwani Lamu, na huko zikapokewa na punda. Halijanilaza njiani hata siku moja huku watu wakisubiri chakula.

Tangu mwanzo nilikata bima kamili, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika au likiibwa. Wengi waliniambia natupa pesa, nikate thadi pati kama wao, ile inayomlipa mtu wa nje uliyemuumiza tu. Nilikataa. Gari lile ndilo lililosomesha wanangu wawili, na nikilipoteza usiku mmoja sina pa kulitoa jingine. Basi nikalipa. Kuanzia 2017 hadi 2021 nililipa 27,500 kila mwaka. Mwaka 2022 ikawa 30,000, mwaka 2023 ikawa 32,500, mwaka 2024 ikafika 37,500. Risiti zote ninazo katika kopo la biskuti, na jumla yake ni shilingi 237,500. Kwa miaka hiyo minane sikudai hata senti.

Nilikaribia kudai mara moja. Ilikuwa 2022, tuktuk ikanigonga mlango wa nyuma karibu na soko. Dereva kijana mdogo, anatetemeka, na tuktuk yenyewe si yake. Fundi wa bodi akaupigapiga mlango, akasema 14,500 pamoja na rangi. Nikampigia wakala. Akanikumbusha kuwa katika kila dai kuna pesa ya mwanzo ninayotoa mfukoni mwangu kabla kampuni haijatia yake, na kwa mkataba wangu pesa hiyo haikupungua 15,000. Kwa hiyo bima yangu kamili haikuwa na chochote kwa mlango ule. Na bima ya tuktuk? Stika yake ilikuwa ya mwezi mmoja na ilikuwa imeisha siku nne nyuma. Nililipa mwenyewe.

Alhamisi nilikwenda kufanya upya kama kawaida. Nikaambiwa gari langu limefikisha miaka 15, na kwa umri huo kampuni yangu haikati tena bima kamili. Nichukue thadi pati. Hakuna aliyetoka nje kuliangalia, na lilikuwa limeegeshwa hatua kumi kutoka mlangoni. Breki nilibadilisha mwezi wa tatu. Kutu naisugua na kuipaka dawa kila mwaka kabla ya masika, maana hewa ya bahari hapa kwetu inakula bati kama mchwa alavyo mlango. Wao walisoma mwaka ulioandikwa kwenye logibuku, wakafunga.

Haya, nikasema, pengine ndio wakati wa kubadilisha. Nilikuwa nimeshazunguka Mombasa wiki mbili kabla, nikaona Probox ya 2018, safi, 1,350,000. Si pesa ndogo kwangu, ila kwa mkopo wa sako, chama chetu cha akiba na mikopo, ningeweza. Nikamtajia kijana wa wakala. Ni kijana mwenye adabu, mamake ni rafiki yangu.

“Mama, hiyo Probox itakupa shida,” akaniambia. “Tafuta hata gari dogo, Demio au Fit. Bei zinalingana, na bima yake ni nafuu.”

“Nafuu kiasi gani, mwanangu?”

Akabonyeza kompyuta yake, akanigeuzia nione. Probox ya 2018 ya shilingi 1,350,000 ni asilimia 6, yaani 81,000 kwa mwaka. Mazda Demio ya mwaka huohuo, bei hiyohiyo, asilimia 4, yaani 54,000. Tofauti ni shilingi 27,000 kila mwaka, kwa mwanamke yuleyule, kwa leseni ileile, kwenye barabara zilezile.

“Na sufuria zangu nitazitia wapi kwenye Demio?”

Akainama. Bei hakuipanga yeye, na sikutaka kumwonea. Lakini nilimwomba anieleze kosa la Probox, naye akanieleza vizuri. Alisema magari kama Probox, Sienta, Wish, Noah na Voxy ndiyo yanayobeba abiria bila leseni ya matatu katika sehemu nyingi za nchi hii. Mwenye gari anakata bima ya gari la kibinafsi kwa sababu ni rahisi kuliko ya abiria, kisha analijaza watu wanane au tisa, wengine kwenye buti. Likianguka, kampuni inakuta majeruhi tisa na kesi tisa mahakamani kwa gari lililoandikwa kuwa la kwenda sokoni na msikitini. Kampuni zimeumia hapo mara nyingi, sasa zinaliogopa jina la gari kabla hata hazijauliza nani analiendesha.

Sibishani na hilo. Nimepishana mwenyewe na Probox zilizosheheni watu, miguu inaning’inia nyuma, mlango wa buti umefungwa kwa kamba. Ningekuwa na kampuni ya bima ningeogopa pia. Ila mimi leseni yangu ni ya 2001. Miaka 24 sijampakia abiria wa kulipa, sijamgonga mtu, sijadai. Nani ananiuliza habari hizo? Katika fomu niliyojaza Alhamisi palikuwa na nafasi ya jina la gari, mwaka, namba ya chesisi, thamani. Palikuwa na nafasi moja ya kuuliza kama nimewahi kupata ajali. Nikaandika hapana, na hapana hiyo haikushusha bei hata shilingi kumi. Nilipouliza punguzo la asiyedai, nikajibiwa kuwa kwa bei ya chini kabisa hakuna punguzo, na kwa aina hii ya gari pia hakuna. Miaka minane nilikuwa bei ya chini, sasa niwe aina hii ya gari. Punguzo langu liko wapi basi?

Hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Bima kamili huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Lakini kampuni zina kiwango cha chini ambacho hazishuki, hata gari lako liwe bei gani. Mwaka 2024 mthamini aliliweka gari langu 480,000, na kiwango cha chini kilikuwa 37,500. Ukigawanya unapata karibu asilimia 8. Mwenye gari la milioni 3, kwa asilimia 4, alilipa 120,000. Kwa kutazama tu, yeye kalipa zaidi. Lakini kwa kila shilingi mia ya gari lake kalipa nne, na mimi kwa kila mia ya gari langu nimelipa karibu nane. Mwenye gari dogo analipa mara mbili ya mwenye gari kubwa, na gari hilo dogo ndilo mali yake yote.

Tozo za serikali zilizo juu ya hapo, nimeziangalia, hazinisumbui: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwafidia wenye bima kampuni inapoanguka, na stempu ya shilingi 40. Kwa bima ya 81,000 hazifiki 500. Uzito uko kwenye bei yenyewe.

Nimesikia sababu za bei kupanda. Spea zinatoka nje na hulipwa kwa dola, na mapema 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Ni kweli, hata taa ya mbele ya Probox iliniumiza mwaka ule. Ushuru wa kuingiza magari nao ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Gari likipanda bei, bima inapanda nalo hata asilimia ikibaki ileile, kwa sababu inahesabiwa juu ya thamani. Kuna madai ya uongo, kuna watu wanaochoma magari yao wenyewe, kuna majeruhi wa kubuni. Kampuni zinasema bima za magari zinazitia hasara, na sina sababu ya kuwaita waongo. Swali langu ni moja. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi karibu 130, na iko hapohapo hadi leo. Bima iliyopanda kwa sababu ya dola mbona haikushuka na dola?

Nakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Ndani yake palikuwa na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, isipungue 5,000 wala isizidi 100,000, na kampuni za bima ndizo zingeikusanya. Nchi nzima ilipiga kelele, nami nilipiga kelele jikoni kwangu. Kodi ile ikaondolewa Juni, siku chache kabla ya mswada wote kurudishwa. Kwa gari langu ingekuwa shilingi 12,000. Sasa tazama: bima yangu imepanda shilingi 10,000 kati ya 2021 na 2024. Karibu pesa ileile. Haikupita Bungeni, haikusomwa redioni, ilinijia kwa ujumbe wa simu mfungo wa Ramadhani nikikaanga sambusa, na mstari wa mwisho umeandikwa asante kwa kuwa mteja wetu.

Mtoto wa dada yangu anakaa Leicester, Uingereza. Nilimpigia simu Ijumaa nimweleze. Alicheka kidogo kisha akasema, khalati, hata huku bima inakuchagulia gari. Huko magari mengi yamepangwa kwa makundi kuanzia 1 hadi 50, na kijana akipata leseni hutafuta gari la kundi la chini, injini ndogo, kwa sababu bima ya mwaka wa kwanza inaweza kushinda bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo sidai kwamba kwingine ni peponi. Lakini akaniambia pia kwamba kila mwaka unaopita bila kudai unaandikwa kwa jina lako, na ukihama kampuni unahama nao kama cheti cha shule. Yeye ana miaka tisa na bei yake imeshuka sana tangu alipoanza. Na kijana asiye na miaka hiyo anaweza kukubali kufungiwa kijisanduku ndani ya gari kinachopima mwendo, breki na saa anazoendesha, akithibitisha utulivu wake bei inapungua.

Hilo la kijisanduku lilinikaa. Kwa sababu hapa kwetu vifaa hivyo vipo tayari. Baadhi ya kampuni hazikubali gari mpaka lifungwe kifaa cha kulifuatilia lisiibwe, na mwenye gari ndiye anayekilipia. Kifaa hicho kinajua gari langu liko wapi saa hii. Kinaweza kujua kwamba linakwenda sokoni alfajiri na Mambrui Jumamosi, na kwamba halipigi njia ya Malindi na Garsen mara sita kwa siku likishusha na kupakia. Wanaoogopa Probox ya abiria wana njia ya kuitambua Probox ya mpishi. Mbona kifaa kinatumika kulinda mali yao tu, kisitumike kunitofautisha mimi?

Niache mambo yangu kidogo nizungumzie jirani zangu, maana siko peke yangu.

Kuna mwalimu tunaishi naye mlango kwa mlango. Ana watoto watano, na mama mzazi anayeumwa miguu. Alitaka Noah, gari la familia, akae na watu wake wote kwa pamoja. Akapewa bei ya bima ya Noah, akanunua Demio. Sasa asubuhi anakwenda shule mara mbili, anapeleka watatu, anarudi kuchukua wawili. Ikiwa siku ya hospitali kwa mama, watoto wakubwa wanapanda bodaboda. Akiba aliyopata kwenye bima anaimaliza kwenye petroli, na wanawe wamerudi kwenye bodaboda ambayo yeye alinunua gari ili wasiipande.

Kuna seremala, fundi wa vitanda na milango ya nakshi, kazi yake inapendwa mpaka Nairobi. Yeye alichukua njia ya pili: Wish ya 2007 kwa pesa taslimu, thadi pati ya mwezi mmoja mmoja, na mwezi ukiwa mbaya gari linalala nyumbani. Anajua kuwa ukijumlisha stika 12 za mwezi zinazidi bei ya mwaka, lakini elfu moja ya leo anayo na elfu nane za pamoja hana. Mwaka jana akitoka Marereni usiku aligonga ng’ombe. Alhamdulillahi alitoka hai na mkono umevunjika. Gari likaisha kabisa. Thadi pati, kama jina lake, ni ya mtu wa tatu. Sura ya 405 ya sheria zetu inataka kila gari liwe nayo ili anayeumizwa na gari lako alipwe, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na hilo ni jema, silipingi. Lakini wewe mwenye gari huna kitu. Seremala yule sasa anakodi tuktuk kupeleka milango, na mlango mkubwa unasafiri ncha zake mbili zikiwa nje, moja kila upande, dereva anapiga honi njia nzima.

Haya ndiyo magari tunayoyapanda wakati takwimu za ajali zinasomwa. Magari ya 2005, 2006, yaliyoliwa na chumvi chini ya sakafu mpaka ukiinua zulia unaona lami. Sheria inazuia kuingiza nchini gari la zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe kwanza huko lilikotoka, kwa nia njema ya kutupatia magari salama zaidi. Lakini mtu hawezi kulipia bima ya hilo jipya kidogo, kwa hiyo anabaki na la zamani lililokwisha ingia. Nimemuuliza fundi wangu ni magari mangapi ya namna hiyo anayoyaunga kwa welding kila mwezi. Hakunipa idadi. Alinionyesha uani kwake, na uani palijaa.

Na usidhani unaweza kusema basi, nitachukua Probox mpya nikate thadi pati nijitegemee. Ukinunua kwa mkopo, sako inataka jina lake kwenye logibuku na bima kamili mpaka deni liishe. Nawaelewa, pesa ni za wanachama, na mimi ni mwanachama. Lakini angalia ninavyofungwa. Gari la zamani halikubaliwi bima kamili. Jipya haliji bila mkopo. Mkopo hauji bila bima kamili. Na bima kamili ya gari ninalolihitaji ni 81,000 mwaka wa kwanza. Hata thamani ikishuka kidogo kila mwaka, katika miaka minne ya mkopo nitakuwa nimelipa bima inayokaribia robo ya gari. Kuna mkopo wa kulipia bima pia, nilipewa karatasi yake. Mkopo wa gari, juu yake mkopo wa bima ya gari. Niliirudisha mezani.

Halafu kuna Lamu. Kijana wa wakala aliniuliza, kwa upole, kama bado napeleka kazi Mokowe. Nikasema naam, nina harusi mbili Amu kila mwaka, wakati mwingine tatu, nako ndiko kwa mama yangu. Akanieleza kuwa bima ya kawaida, hata ikiwa kamili, haimo ndani yake hasara ya ugaidi wala vurugu za kisiasa. Hiyo inaongezwa kwa asilimia yake mbali. Nilisoma mkataba wangu wa zamani usiku ule, kwa mara ya kwanza herufi kwa herufi, na kweli haikuwamo. Miaka yote ile niliyopita barabara ya Garsen hadi Mokowe, mingine tukisubiriana twende kwa msafara na askari mbele na nyuma, nilikuwa nadhani nimefunikwa. Sikuwa nimefunikwa. Mtu wa Nairobi anaweza kukichukulia kipengele hicho kama pambo. Kwa mtu wa Lamu na wa Tana River ndicho kipengele chenyewe, na hakuna aliyenisomea mpaka nilipouliza. Barabara ile sasa ina lami na watu wanapita kwa raha kuliko zamani, nashukuru. Lakini bei ya kuipita, kwenye karatasi za bima, bado ni ya miaka ya hofu.

Ninachokitaka nakisema wazi, nikiwaambia Mamlaka ya Kudhibiti Bima na kampuni zenyewe. Nipimeni mimi. Niulizeni leseni yangu ya mwaka gani, nimedai mara ngapi, gari langu linabeba nini na linakwenda wapi, kisha mnipe bei. Miaka yangu minane bila kudai iandikwe mahali ambapo nikihama kampuni itanifuata. Stika za bima siku hizi zinatolewa kwa mfumo wa kidijitali, kila gari na kampuni yake vinaonekana hapo, kwa hiyo kuhifadhi rekodi ya dereva hakuwezi kuwa jambo la kuwashinda. Gari la miaka 15 lipelekewe mthamini alitazame kwa macho, mimi niko tayari kumlipa. Na mnaowakamata wenye Probox za abiria wasio na leseni, wakamateni barabarani, na siku hiyo msinitumie mimi ile bili.

Kiwango cha chini cha bei nacho kitazamwe upya. Sijui mwanamke mwingine wa kazi yangu hapa Malindi ambaye bado ana bima kamili. Tulikuwa wanne. Mmoja aliuza gari, anakodi lori la kanta kwa kila harusi na kuiongeza kwenye bei ya mteja. Wawili wako kwenye thadi pati. Wa nne alikuwa mimi.

Jumamosi hii nina harusi Mambrui, watu 400, mbuzi kumi na wawili wamekwisha lipiwa. Bima yangu inaisha usiku wa Ijumaa. Jana nilirudi kwa yule kijana, nikakata thadi pati ya mwezi mmoja, ya kwanza tangu ninunue gari. Aliibandika stika kwenye kioo mwenyewe, akaisugua pembe zake kwa kidole gumba, akaniambia, “Samahani, mama.” Nikamwambia hana kosa, na nikamuuliza saa ngapi hasa siku ya 30 inakwisha, nisije nikawa niko njiani, kwenye daraja la Sabaki.

Mama Zulfa,
Shela, Malindi